Mama na binti katika mtihani mmoja

Delhi, Jumapili usiku

Katika nyumba ninayopanga hapa Delhi, watu wawili wanajiandaa na mtihani mmoja: mama mwenye nyumba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na binti yake, ambaye bado anatafuta ajira. Mtihani wenyewe unajulikana kama CTET, yaani mtihani wa serikali kuu wa kupima sifa za ualimu, na husimamiwa na bodi ya elimu ya CBSE. Mimi nimekuja huku kusomea shahada ya uzamili ya elimu baada ya kufundisha Tanga, na kwa kuwa maswali huchapishwa kwa Kihindi na kwa Kiingereza, nimepewa kazi ya kuwasomea yale ya Kiingereza kila jioni baada ya chakula, huku nikiwaangalizia saa.

Mtihani huu umetokana na sheria. Mwaka 2002 katiba ya India ilirekebishwa ili elimu iwe haki ya msingi ya kila mtoto wa miaka 6 hadi 14; sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Agosti ya mwaka huohuo, baraza la taifa linalosimamia mafunzo ya ualimu lilitangaza kuwa anayetaka kufundisha darasa la kwanza hadi la nane sharti afaulu mtihani wa aina hii, na CTET ya kwanza ikafanyika mwaka 2011. Majimbo nayo yana mitihani yao inayofanana na huu.

Karatasi ya Kwanza, ambayo ndiyo wanayoiandalia wote wawili, ni ya walimu wa darasa la kwanza hadi la tano. Ina maswali 150 ya kuchagua jibu, na muda wake ni saa mbili na nusu: maswali 30 ya ukuaji wa mtoto na mbinu za kufundisha, 30 ya lugha ya kwanza, 30 ya lugha ya pili, 30 ya hisabati na 30 ya mazingira. Alama ya kufaulu ni 90, ingawa watahiniwa wa makundi yanayolindwa na sheria hupewa nafuu. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali lolote wazi.

Ukiyasikia hayo unaweza kudhani ni mtihani wa kukariri, na kwa kweli vitabu vya mazoezi vinavyouzwa mitaani hapa vinaufundisha hivyo. Binti anazijua kwa majina na kwa umri hatua nne za ukuaji wa fikra za mtoto alizozieleza mwanasaikolojia Piaget, anawajua wanasaikolojia wengine kama Vygotsky na Kohlberg, na anaweza kueleza bila kusita tofauti kati ya kumpima mtoto ili kumsaidia ajifunze na kumpima ili kumpa daraja. Mama yake majina hayo humchanganya. Lakini jana tulifika kwenye swali ambalo nimelifikiria mpaka usiku huu. Mtoto ameandika kuwa 52 ukitoa 27 unabaki na 35. Mwalimu afanye nini? Ampe mazoezi mengi zaidi ya kutoa, amwonyeshe njia sahihi ubaoni, amwambie awe makini, au amwombe aeleze alivyofikiri?

Binti alichagua jibu la mwisho mara moja, kwa sababu ameshajua kuwa katika maswali ya namna hii jibu linalompa mtoto nafasi ya kusema ndilo sahihi mara nyingi. Mama hakuchagua chochote. Alichukua kalamu, akaandika hesabu ile kwa kuipanga wima, kisha akamwambia bintiye: "Huyu hajakosea ovyo. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3. Ana kanuni yake, na kila siku ataifuata. Hajajua kuwa anaweza kuazima kumi moja." Halafu akaeleza anavyofanya darasani: huwapa watoto vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa mpira, akawataka watoe vijiti 27 katika 52, na mtoto mwenyewe akifika mahali ambapo vijiti vilivyo wazi havitoshi, hufungua fungu moja bila kuambiwa na mtu.

Binti alinigeukia akaniuliza, "Didi, na kwenu mnafundisha hivi?" Didi ndivyo wanavyomwita dada mkubwa hapa. Nilimwambia kuwa kwetu tunatumia vijiti na hata vizibo vya soda, ila si kila mwalimu huuliza mtoto amefikiri nini kabla ya kumwekea alama ya kosa. Naamini kwa dhati kuwa mtihani unaomlazimisha mwalimu mtarajiwa kulifikiria kosa la mtoto kama kitu chenye sababu ni mtihani wenye thamani, hata kama wengi hulijibu swali lenyewe kwa mazoea.

Mama hakulazimika kufanya mtihani huu hapo zamani, kwa kuwa aliajiriwa kabla haujaanzishwa. Tarehe 1 Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa walimu wa aina yake waliobakiza zaidi ya miaka 5 kabla ya kustaafu lazima wafaulu ndani ya miaka 2, la sivyo waondoke kazini. Waliobakiza chini ya hapo wanaruhusiwa kuendelea hadi wastaafu, lakini bila kufaulu hawatapandishwa cheo. Mama yumo katika kundi la kwanza. Halalamiki, ingawa anarudi kutoka shuleni amechoka na macho yake yanamsumbua kusoma maandishi madogo. Mimi naona mahakama ina hoja, kwa sababu haki ya mtoto kupata mwalimu anayefaa haiwezi kutegemea mwaka alioajiriwa mwalimu huyo. Lakini naona pia kwamba mwalimu aliyekuwa darasani miaka yote hiyo anastahili kuandaliwa mafunzo ya kumsaidia, si kuachiwa kitabu cha mazoezi na taa ya sebuleni.

Kwa binti hofu ni nyingine. Ana stashahada ya miaka miwili ya ualimu wa msingi, na hilo limekuwa jambo la bahati, kwa kuwa mwaka 2023 mahakama hiyohiyo iliamua kuwa shahada ya ualimu peke yake haimpi mtu sifa ya kufundisha madarasa ya mwanzo. Cheti cha CTET tangu mwaka 2021 hakiishi muda wake, lakini si barua ya ajira. Baada yake kuna mtihani mwingine wa ushindani wa kugombea nafasi zilizotangazwa. Nawafikiria wenzangu waliohitimu ualimu Tanzania na bado wanasubiri, na naielewa hofu yake vizuri.

Tumekubaliana kubadili utaratibu kuanzia wiki hii. Mama ataleta makosa halisi kutoka katika madaftari ya wanafunzi wake, bila majina, na binti atayageuza kuwa maswali yenye majibu manne. Naye atamsaidia mama yake kuzipanga nadharia za Piaget na wenzake kwa kuziambatanisha na watoto wa darasa lake mwenyewe. Lugha ya pili ya Mama ni Kisanskriti, na hapo sina msaada wowote wa kutoa zaidi ya kumwangalizia saa.