Maji ndani ya fuwele: sulfati ya shaba, kobalti na malakiti (kumbukumbu ya mradi, Lubumbashi)

Lengo la mradi ni kuonyesha kwamba buluu ya sulfati ya shaba (chumvi ya shaba inayoitwa pia mrututu) inatokana na maji yaliyojengwa ndani ya fuwele, na kuonyesha hilo kwa mizani, si kwa macho peke yake. Kuna hatua moja ambapo macho yanadanganya kabisa, na huko ndiko kazi nyingi za namna hii zinakoharibikia.

Kusafisha

Sulfati inayouzwa kwa ajili ya mashamba mara nyingi ina chuma ndani. Utaona punje za kijani katikati ya zile za buluu. Yeyusha gramu 60 katika mililita 100 za maji ya mvua, kwenye nyuzijoto 60. Maji hayohayo yakipoa hadi nyuzijoto 20 yanabeba gramu 32 hivi tu, kwa hiyo karibu nusu ya chumvi inarudi kuwa fuwele, na sehemu kubwa ya chuma inabaki kwenye maji. Chuja yangali moto, kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa.

Yakifanya ukungu wa buluu iliyopauka, umetumia maji yenye chokaa: yanaangusha chumvi ya shaba isiyoyeyuka. Matone mawili matatu ya asidi ya betri yanauondoa. Tumia chombo cha kioo, kauri au plastiki ngumu. Ndani ya sufuria ya chuma, chuma kinayeyuka na shaba nyekundu inajipaka mahali pake. (Njia hiyohiyo inafaa kwa mabaki: tia misumari ndani ya ndoo, shaba yote ishuke, ndipo ufikirie kumwaga.)

Kupasha

Gramu 10.00 za fuwele zilizokauka na kusagwa kama chumvi ya mezani, ndani ya kibakuli cha kauri. Kibakuli kinakaa katika sufuria yenye mchanga wa sentimita 3, na sufuria iko juu ya mbabula (jiko la mkaa), nje ya nyumba. Kipimajoto kinazikwa mchangani, karibu na kibakuli. Mchanga huo usiuache: makala (mkaa) yakiiva mekundu yanapita nyuzijoto 650, na hapo sulfati yenyewe inavunjika kuwa oksidi nyeusi na gesi inayowasha koo. Ukiona madoa meusi chini ya unga, sampuli hiyo haihesabiki tena.

Kwenye nyuzijoto 60 na kitu, molekuli mbili za maji kati ya tano zinaondoka: uzito unashuka hadi gramu 8.56, na buluu inapauka. Karibu na 110 zinaondoka mbili nyingine: gramu 7.11. Hapa ndipo mtego ulipo. Unga tayari unaonekana mweupe, mtu anaondoa sufuria, anaandika "maji yameisha", halafu anashangaa kwamba hesabu inampa maji asilimia 28.9 ya uzito badala ya 36.1. Molekuli moja bado imo, na haitoki mpaka upite nyuzijoto 200. Shikilia mchanga kati ya 220 na 250, pima, rudisha, pima tena, mpaka vipimo viwili vifuatane kwenye gramu 6.39 au karibu yake.

Wakati wa masika tatizo ni lingine: unga mkavu unakunywa unyevu wa hewa ukiwa bado unapoa, na uzito unapanda mbele ya macho yako. Upoze ndani ya chupa yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya jeli ya silika vinavyokuja na viatu vipya. Kiangazi kinaleta kinyume chake: fuwele zilizoachwa wazi zinaota utando mweupe kwa kupoteza maji, kwa hiyo gramu 10 za kuanzia si gramu 10 za kweli.

Kwa nini rangi inakwenda

Katika fuwele ya buluu kila ioni ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji zilizopangwa kama mraba, na oksijeni za sulfati juu na chini. Molekuli ya tano haigusi shaba. Inaning'inia kati ya sulfati na maji mengine. Mpangilio huo unaifanya shaba inyonye mwanga mwekundu, na kinachobaki ni buluu. Maji yakitoka, oksijeni za sulfati zinachukua nafasi, mvuto wao kwa elektroni za shaba ni mdogo zaidi, na mnyonyo unahamia infraredi, ambayo jicho halioni. Usiseme kwamba "ile ya tano" ndiyo inayobaki mwisho, ingawa watu hufundishana hivyo: kila hatua fuwele inajijenga upya.

Kwa kulinganisha, pasha shabu (chumvi nyeupe yenye alumini). Ina molekuli 12 za maji, asilimia 45 na zaidi ya uzito wake, inavimba kuwa povu gumu, lakini nyeupe ilikuwa na nyeupe inabaki. Alumini haina elektroni za kuchezea mwanga unaoonekana.

Kurudisha maji: gramu 3.6, tone kwa tone. Gramu 6.39 zinatoa takriban kilojuli 3, kwa hiyo unga unachemka na sehemu ya maji inapaa kama mvuke. Ongeza kidogo mpaka buluu ienee.

Kobalti

Hapa pia maji ya fuwele yanabadili rangi: kloridi ya kobalti yenye molekuli sita za maji ni ya waridi, ikikauka ni buluu. Inayeyuka ndani ya maji yake yenyewe kwenye nyuzijoto 86, na vumbi lake ni sumu kuvuta, kwa hiyo hatuipashi ikiwa unga. Karatasi ya kuchujia iliyochovywa kwenye mchanganyiko wa asilimia 5 na kukaushwa inatosha: ipulizie pumzi, inageuka. Vaa glavu.

Malakiti

Malakiti ni jiwe la kijani lenye shaba. Vipande visivyopakwa nta kutoka kwa wachongaji vinafaa. Malakiti ikipashwa vizuri inapoteza asilimia 28 ya uzito, karibu sawa na ule mtego wa sulfati, kwa hiyo hapa mizani nayo ikiachwa peke yake inapotosha. Kilichotoka ni kaboni dioksidi pamoja na maji yaliyotokana na hidroksidi, si maji ya fuwele. Kilichobaki ni oksidi ya shaba. Idondoshee maji upendavyo, itabaki nyeusi.