Nilivyoukagua Upanga wa Kale wa Kijapani Kabla ya Kuununua Mtandaoni

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kutafuta upanga wa kale wa Kijapani ulikuwa kwamba nitazame kama bapa linang'aa, kama jina la mhunzi lipo na kama kuna cheti, na vikiwepo vyote vitatu nilipe. Ushauri huo umewapotezea watu fedha nyingi. Mng'ao ni kazi ya mnoaji, jina linaweza kuchongwa na yeyote mwenye patasi, na cheti kinaeleza upanga ulivyokuwa siku ulipofikishwa mbele ya wakaguzi, si yaliyoupata baadaye. Leo ninao wakizashi, yaani upanga mfupi, wa karne ya 17, uliotoka Tokyo hadi hapa Uingereza ninapoishi, na kabla sijalipa hata senti nilikuwa nimeshazijua kasoro zake zote.

Mimi huanza na msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Wajapani hawausugui msuka, kwa hiyo kutu yake hujengeka polepole kwa karne nyingi hadi inakuwa nyeusi au kahawia iliyokolea, laini, isiyochafua vidole. Kutu nyekundu ya ungaunga ni changa, na inanipasa kujua kwa nini ni changa. Nimewaona wauzaji wakijisifu kwamba wamepitisha brashi ya waya ili maandishi yasomeke, bila kujua kwamba wamefuta ushahidi mkubwa kuliko wote wa umri wa upanga na kushusha bei yake kwa mikono yao wenyewe. Penye jina, huomba picha ya karibu ya herufi: kutu iliyo ndani ya michongo inapaswa kulingana na ile inayoizunguka, na chuma kikiwa kinang'aa ndani ya herufi ilhali nje ni cheusi, jina hilo limeongezwa baadaye. Upanga usio na jina haunitishi. Panga nyingi ndefu za zamani zilifupishwa kwa kukatwa msuka, na jina likaondoka na kipande kilichokatwa.

Mahali msuka unapokutana na bapa kuna vidato viwili, kimoja upande wa mgongo na kingine upande wa makali. Kila upanga unaponolewa chuma hupungua, na kidato cha makali nacho hupungua. Kikiwa karibu kutoweka, bapa limekwisha, na kulinoa tena kunaweza kuutoa nje moyo wa chuma laini uliofunikwa na chuma kigumu. Muuzaji anayesema "ni kutu kidogo tu, utanoa" anapaswa kuulizwa ni nani atakayelipa, maana kazi ya mnoaji aliyefuzu huhesabiwa kwa inchi na inaweza kuzidi bei ya upanga wenyewe.

Kisha naiangalia hamoni, mstari unaotenganisha makali magumu na bapa laini. Mhunzi huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mzito kwingineko, akautia motoni na kuuzamisha majini, na hapo ndipo mstari huo huzaliwa. Picha zilizopigwa kwa mbele huonyesha zaidi weupe ambao mnoaji huusugulia juu ya makali, na weupe huo haufuati hamoni kila inapopinda. Hamoni yenyewe huonekana mwanga ukija kwa mshazari: ukungu mwembamba, pengine wenye chembechembe zinazometameta. Ile iliyochorwa kwa tindikali haina uhai huo. Nchani, mstari lazima ugeuke na kurudi mgongoni. Ukitokea makalini kabla ya kugeuka, ncha iliwahi kuvunjika ikachongwa upya. Huuliza pia kama kuna kivuli kinachopanda mshazari karibu na vidato, kwa sababu kinaweza kuwa dalili ya upanga ulioungua ukazimishwa majini mara ya pili. Ngome ya Osaka ilipoanguka 1615 panga nyingi maarufu ziliungua, na mhunzi Yasutsugu alipewa kazi ya kurudishia ugumu baadhi yake. Hata hivyo kazi za mhunzi mwingine, Horikawa Kunihiro, huwa na kivuli hicho bila kuungua, kwa hiyo kivuli peke yake hakitoshi kuukataa upanga.

Kasoro ninayoiogopa kuliko zote ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni. Ufa huo hautibiki. Katika picha za kawaida hauonekani kabisa, na hapa ndipo nilipobuni njia ninayojivunia.

Muuzaji mmoja wa Ulaya alikuwa ameweka mnadani katana, yaani upanga mrefu, ya kupendeza, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya nilizozoea kuona. Picha zilikuwa nyingi, zote za mwanga wa dirishani. Nilimwomba ajifungie katika chumba chenye giza, awashe balbu moja tupu, aulaze upanga juu ya kitambaa laini na tepu ya fundi cherehani sambamba na mgongo, sifuri ikiwa kwenye kidato, kisha apitishe simu chini chini kutoka kidatoni hadi nchani huku balbu ikiwa ng'ambo ya upanga, ili mng'ao utembee juu ya makali pamoja na kamera. Akimaliza ageuze upande wa pili. Alilalamika kwamba hakuna mteja aliyewahi kumwomba jambo kama hilo, lakini alilifanya. Niliisimamisha video hiyo hatua kwa hatua kwenye kompyuta. Kwenye sentimita 31 mng'ao ulipita juu ya kijistari cheusi kilichosimama wima kutoka makalini, urefu wake kama milimita 3. Mkwaruzo hubadilika: mwanga ukihama, hung'aa au hupotea. Hiki kilibaki cheusi mwanga ukienda na ukirudi. Nikafungua upande wa pili, nikaenda moja kwa moja sentimita 31, na mwenzake alikuwapo, mfupi kidogo, mahali palepale. Bila tepu tungebaki kubishana kama ni mkwaruzo au uchafu wa mafuta. Nilimtumia picha mbili zikiwa zimewekwa sambamba, naye, kwa heshima yake, akaiondoa katana mnadani.

Wakizashi niliupata kwa muuzaji wa Tokyo. Ulikuwa na cheti cha Hozon, yaani "unaostahili kuhifadhiwa", cha NBTHK, jumuiya iliyoundwa 1948 kwa ajili ya kuhifadhi panga za kisanaa, na cheti hicho hubeba picha ya msuka. Nililinganisha matundu ya kigingi cha mpini na madoa ya kutu moja baada ya jingine, kisha nikalinganisha urefu na kadi ya usajili ya Japani, kwa maana urefu uliopungua bila maelezo ni swali kuhusu ncha. Vyeti vya zamani vya jumuiya hiyo, viitwavyo Kicho, vilivyotangulia mfumo ulioanza 1982, mimi sivitegemei. Video ilionyesha tundu dogo la mkunjo wa chuma karibu na mgongo, sentimita 18 kutoka kidatoni. Chuma kilichokunjwa mara nyingi huwa na kasoro kama hiyo, nayo haigusi makali, basi nikaomba punguzo na nikapewa.

Bei ilikuwa pauni elfu mbili na kitu, usafiri na bima mia na ushei, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 5 kwa kuwa upanga umepita miaka 100. Kibali cha Japani cha kuutoa nchini kilichukua wiki kadhaa. Sheria ya hapa inazuia panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, ila zilizotengenezwa kabla ya 1954 zinaruhusiwa, hivyo nakala ya cheti naiweka pamoja na upanga.

Ulipofika nilizima taa, nikawasha balbu, nikatandika tepu. Tundu lilikuwa sentimita 18, makali hayakuwa na ufa pande zote mbili, na jioni hiyo hiyo nikamwandikia muuzaji kwamba haurudi.