Choo cha jirani na futi kamba yangu

Jumamosi nilishuka Mto Themi, hapa Arusha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, buti za mvua miguuni, kaunta buku kwapani. Usiku mvua ilinyesha vibaya. Masika ya huku ndivyo yalivyo, yanakuaga mara tatu kabla hayajaondoka kweli.

Tuko wanne. Hatulipwi, hatuna sare, hata jina hatujajipa. Tunafuatilia kipande kimoja cha ukingo, mita 100, kutoka darajani mpaka kwenye mkuyu ulioinama. Mita zile zile kila mara, maana ukisogea hata hatua kumi, namba za Machi haziwezi kulinganishwa na za Mei. Wazo nililitoa kwa mpwa wangu aliyeko Pangani, ambako yeye na wenzake huhesabu taka ufukweni bahari ikishachafuka. Alinipa sharti moja: hesabu kwanza, okota baadaye. Mwenzetu mmoja, mtu wa usafi kupindukia, siku moja aliwahi akazoa kila kitu kabla hatujafika, akasimama pale akingoja pongezi. Ukurasa wa siku ile una sifuri mpaka leo, na kila nikiufungua nauma meno.

Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndiyo Mto Pangani mpaka baharini. Mpwa hunitania kwamba ndala za Arusha anaziokota yeye. Mimi nadhani zinaishia bwawani. Jumamosi nilikuta 11, saba za mguu wa kushoto. Vizibo 64. Pampasi 19, zimenyonya maji mpaka zina uzito wa mtoto mwenyewe. Mifuko ya plastiki mitatu tu, imepauka, rangi haisomeki. Ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo hii naona ni ya zamani iliyofukiwa, mto unaifukua.

Taka tumezizoea. Shida ni ukingo.

Mwanzoni tulipigilia nondo sita ziwe alama. Wiki mbili hazikuisha, zote zikawa zimeondoka, bila shaka kwenda kwenye mzani wa chuma chakavu. Tukatafuta alama isiyobebeka, tukapata kona ya choo cha mama mmoja, bloku chini, bati juu. Machi, kutoka kona ile hadi ukingoni, mita 7.4. Mwisho wa Aprili, 6.1. Jumamosi, 4.7. Udongo pale ni mweusi, laini, majivu ya Meru ya enzi na enzi. Mto hauumegi kwa juu. Unauchimba kwa chini, nyasi zinabaki zinaning'inia kama pindo la kitambaa cha meza, halafu siku moja kipande kizima kinalala majini.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka ujenzi ukae mita 60 kutoka mtoni. Aliyemuuzia mama yule kiwanja sidhani kama alilitaja hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuta ngapi?"

Zamani nilikuwa najibu haraka, kwa fahari kabisa, kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Safari hii nilijifanya nakunja futi kamba.

"Nne nukta saba."

Akanyamaza, akatazama kule ukingo ulikokuwa Machi, ambako sasa ni hewa tupu. "Yaani kimeondoka kitanda na kabati," akasema. "Na hizo namba mnapeleka wapi?"

Nikamweleza kuwa nakala mbili tumepeleka, zimepokelewa, zimegongwa muhuri.

"Muhuri," akasema. Halafu akanyoosha mkono: "Lete hiyo futi."

Akanishikisha ncha kwenye kona ya choo, upande wa nyumbani sasa, akarudi kinyumenyume akiivuta mpaka ukuta wa chumba wanacholala wajukuu. Akainama kusoma, akashindwa, akaniita. Mita 3.2. Fomu yetu haina nafasi ya kipimo hicho, nikakiandika pembeni, chini ya idadi ya vizibo.