Kupiga lipu ukiwa umefunga: ninavyopanga siku ya saiti

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, na Dar es Salaam hiyo ni kaskazi, jasho halikauki mwilini. Alfajiri inaadhiniwa saa 11 na robo hivi, magharibi saa 12 na dakika 40. Zaidi ya saa 13 bila tone la maji, nyingi kati ya hizo uko juu ya jukwaa. Njaa huzoeleka ikifika siku ya nne au ya tano. Kiu na usingizi ndivyo vinavyomwangusha fundi.

Foromani namfuata tangu Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, kabla zege halijapangiwa siku. Namwomba tuingie saa 12 asubuhi, tutoke saa 8 mchana bila mapumziko ya chakula. Saa za kazi ni nane zile zile, na mwajiri hapotezi kitu.

Kazi nzito, yaani kukoroga zege na kupandisha matofali, iishe kabla ya saa 4. Lipu naanzia ukuta unaotazama magharibi maana asubuhi uko kivulini. Jua likifika utosini nahamia vyumbani. Kona za madirisha na chochote cha kupima kwa pima maji nakimaliza kabla ya saa 5. Baada ya hapo jicho linadanganya.

Makosa mengi hutokea kwenye udongo, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga. Siku za kawaida tunakoroga mfuko mzima wa kilo 50 kwa toroli tatu za mchanga. Nikifunga nakoroga nusu mfuko kwa toroli moja na nusu, kwa sababu mkono umepungua kasi na joto linaharakisha saruji kushika. Udongo ukianza kukaza, kishawishi ni kuuongezea maji. Usifanye hivyo: lipu hiyo itapasuka, na ukiigonga italia kama debe tupu. Ukuta nao uloweshwe vizuri kwanza, la sivyo tofali linanyonya maji ya udongo kabla hujapiga rula.

Maji ya kunywa nayagawa. Glasi mbili na tende wakati wa kufuturu, mbili baada ya chakula, mbili kabla ya tarawehe, mbili kabla ya kulala, mbili za daku: glasi kumi za robo lita, lita mbili na nusu. Anayebugia lita nzima dakika tano kabla ya adhana ataikojoa sehemu kubwa kufika saa 2 asubuhi. Futari ya bajia na sambusa tupu inaongeza kiu; mihogo, maharage na uji vinakaa vizuri zaidi. Daku nakula saa 10 na nusu: ugali wa dona au wali, maharage, ndizi mbivu. Dagaa wa chumvi hapana. Chai ya rangi naipunguza wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, maana kichwa kinachouma siku za mwanzo mara nyingi kinadai chai.

Wengi huuliza kama vumbi la saruji linafunguza. Wanazuoni wa Kishafi wamesamehe vumbi la njiani na la kuchekecha unga, kwa kuwa ni vigumu kulikwepa, na la saiti naliweka humo. Hata hivyo nafunga kitambaa puani, nacho kinalinda mapafu. Kitambaa kingine nakilowesha na kukiweka shingoni. Wakati wa udhu nasukutua kidogo tu, siyafikishi maji kooni.

Kizunguzungu, misuli kukakamaa au jasho kukatika ghafla: shuka kwenye jukwaa papo hapo. Anayehofia madhara anaruhusiwa kufungua, siku ile atailipa. Saidia fundi ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayepanda na ndoo kutwa nzima. Chupa yake ya maji naiweka kivulini hata akiwa amefunga, ili akizidiwa isianze kutafutwa dukani.