Mradi wa kupoza prosesa: bamba la nyuma la AM4 limenitoa jasho

Haya, kipoza kipya kimeingia. Kile kidogo kilichokuja na prosesa nimeachana nacho, maana kila nikianza kurenda video (kuitoa iwe faili kamili) feni inalia mashine nzima na joto linagonga 90, sasa nimeweka cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120.

Kutoa cha zamani kunataka subira. Kwenye AM4, soketi ya prosesa za AMD, pini ziko kwenye prosesa yenyewe na soketi haina fremu ya chuma ya kuikandamiza, kwa hiyo pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ikikauka ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka nayo na pini zinaweza kupinda. Niliipa mashine kazi nzito kwanza pesti ilainike, nikazima, nikachomoa waya wa umeme, halafu nikawa nazungusha kipoza kushoto kulia taratibu mpaka kikaachia chenyewe.

Shughuli yenyewe ikaanzia hapo. Zile breketi za plastiki za kushikia kipoza zinashikwa na skrubu nne zinazopita kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpaka kwenye bamba la chuma lililoko nyuma, na hizo skrubu ndizo zinazolishika bamba, ukizifungua tu linadondoka nyuma ya bodi. AM5, soketi iliyofuata, hawana hii shida, kule bamba limefungwa pamoja na soketi. Kipoza changu kinatumia bamba hilohilo la asili, basi kila nikiingiza skrubu upande mmoja upande wa pili bamba linarudi nyuma, nikafungua mfuniko wa upande wa pili wa kesi nikalibana kwa selotepu pembeni, likatulia, skrubu zote zikashika.

Nimewasha, bado niko kwenye bayosi tu (ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows kuwaka) joto linapanda kama hakuna kipoza kabisa. Wengi hapa wangekimbilia kulaumu pesti, mimi nikakitoa nikaangalia alama yake: upande mmoja imesambaa nyembamba vizuri, upande mwingine nene vilevile haijaguswa. Maana yake kipoza kimekaa kimeinama! Kumbe kijiti kimoja cha bamba hakijaingia vizuri kwenye tundu la bodi, skrubu imeshika nyuzi chache tu, ukiangalia kwa juu kila kitu kiko sawa. Jamani ile alama ya pesti isomeni kabla hamjaifuta, inakuonyesha kila kitu.

Nikasukuma bamba mpaka likalala sawasawa, nikafuta pesti yote kwa spiriti, nikaweka tone jipya katikati kama punje ya kunde. Kwenye kukaza, skrubu zote zianze kushika kwanza kabla hujakaza hata moja, halafu unakwenda nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka zigome zenyewe. Ukimaliza upande mmoja kwanza kipoza kinalalia kona.

Feni nimeipandisha juu kidogo ipishe rami (vijiti vya memori), mfuniko wa kesi bado unafunga, na upepo unatoka kuelekea nyuma.

Sasa hivi narenda na joto linacheza 68 mpaka 71, feni siisikii kabisa. Nimefurahi mno. Kilichobaki ni kupanga kasi ya feni kwenye bayosi isiwe inapanda na kushuka ghafla nikifungua programu ndogondogo.