Siku moja ya fundi cherehani anayehesabu mizani

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga. Natia mafuta kwenye cherehani, najaza bobini. Muuza machungwa anapita na baiskeli, tenga nyuma: "Muheza haya, matamu!" Vidole vinahesabu vyenyewe. Mizani 8, yaani silabi nane. Ukwapi mzima huo, nusu ya kwanza ya mshororo (mstari wa shairi), mtu kautoa bure barabarani! Nausaka utao wake, nusu ya pili, huku nakanyaga pedali mpaka yeye anapotea kona ya pili. Hauji. Basi.

Saa 2. Doti tano za kanga, kukata na kupinda. Mguu unakanyaga, macho yanasoma majina. Moja imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Tano kwa sita. Haikai kwenye mshororo wa mizani 16 hata uibembeleze, ila hizo -ti mbili zinagongana vizuri.

Watu huniuliza mashairi nayatoa wapi, wakidhani jioni nakwenda kuitazama bahari. Nilishakwenda. Nilirudi na mchanga viatuni. Hata kopo langu la vifungo limenishinda: mwezi mzima nalikodolea macho nikiamini mna shairi humo, na beti mbili nilizoandika zinasikika kama hotuba ya mgeni rasmi. Siku hizi kitu nakiacha kikae, nasikiliza watu wanasema nini juu yake.

Saa 5. Umeme umekatika. Nawasha pasi ya mkaa.

Saa 5 na nusu hivi anaingia mama mmoja na mfuko wa plastiki.

"Fundi, za saa hizi?"

"Nzuri mama, karibu."

Anatoa suruali nyeusi ya kitambaa, imepigwa pasi. Ya marehemu mumewe. Anataka nimpunguzie kijana wake, aivae Ijumaa. Kijana kasimama mlangoni, anatazama barabarani. Nampima: kiuno, urefu. Miguu imezidi inchi tano. Nashika mkasi, na mama ananishika mkono.

"Ikunje, usiikate. Mtoto bado anakua."

Nikaweka mkasi chini. Kidogo kwa sababu yake, kidogo kwa sababu *ikunje usiikate* ni mizani 8, sikuongeza wala kupunguza kitu. Ile ya pili ilikuwa 9, lakini inkisari, kufupisha neno, ipo kwa kazi hiyo: *anakua* inakuwa *akua*, na kibwagizo, mstari wa kufungia ubeti, kimekamilika kabla mteja hajatoka.

Saa 7 nasali, nakula wali maharage. Mchana kutwa ni zipu na viraka, sina la kusimulia.

Saa 10. Naishona ile suruali. Inchi tano ni nyingi kukunjia ndani mara moja, upindo unapanda mno, kwa hiyo nakunja mara mbili na kushikiza kwa mkono, mishono iliyoachana, ili atakayefumua asihangaike. Kila nikimaliza mguu naandika mistari kwenye karatasi ya kaki ninayochorea vipimo:

*Nguo ya baba ipite, mwana naye kuivaa,*
*Mkasi nao usite, sindano itatembea,*
*Akiba nisiifute, mwakani nitafungua,*
*Ikunje usiikate, mtoto bado akua.*

Vina vya kati, zile -te za mwisho wa kila nusu ya kwanza, vimekaa. Mstari wa pili siupendi; *itatembea* imo kwa ajili ya kina tu, na msomaji yeyote mzuri ataona.

Saa 12 jioni kijana kaja peke yake. Kaivaa palepale juu ya kaptula, kajitazama kwenye kioo changu chenye ufa. Kapapasa upindo kwa vidole, akauliza, "Humu ndani kuna nini?"

"Suruali," nikamwambia.

Saa 3 usiku. Nimemsomea mke wangu. Kasikiliza mpaka mwisho, kahesabu kwa vidole kama kawaida yake, kakubali mizani. Kisha akauliza suruali imelipiwa kiasi gani.