Shimo jeusi lenye mkono wa Malindi

Hivi mnajua shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano mkali hadi mwanga hautoki) la kwanza kukubalika na wanasayansi wengi lina mkono wa Malindi? Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei kabisa, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco pale baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru, kazi yake kusaka eksirei angani, miale kama ile ya kupigia picha za mifupa hospitali. Ndo ikaonyesha kwamba Cygnus X-1, ndo hilo shimo lenyewe, inapepesa haraka ajabu, maana yake kitu chenyewe ni kidogo sana.

Ila eksirei haikuambii uzito bana. Hapo inaingia spektroskopi: unachukua mwanga wa nyota unaupasua rangi kama upinde wa mvua, ndani yake kuna vimistari vyeusi, nyota ikija kwetu vinasogea upande wa bluu, ikienda zake vinasogea kwenye nyekundu, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita stendi. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton kule Toronto, wakavifuatilia vimistari vya nyota HDE 226868, ile inayozungukana na Cygnus X-1, vinaenda na kurudi kila siku 5.6! Jitu zima la nyota linayumbishwa na mwenzake asiyeonekana, na ukipiga hesabu huyo mwenzake ni mzito mno kuwa nyota ya nyutroni, yale masalia yaliyoshindiliwa ya nyota iliyokufa. Siku hizi wanakadiria kama mara 21 ya jua.

Mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa amewekeana dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 sio shimo jeusi. 1990 Hawking akakubali kaliwa.